Furushi la Hamamu

Furushi la hamamu la Rebiha halikufungwa na Rebiha hata siku moja. Lilifungwa na mama mkwe wake, Mbarka, aliyeitwa Lalla kwa heshima, na kazi hiyo hakumwachia mtu. Ndani yake yalikunjwa mataulo mawili, gauni safi, kitana cha pembe, kikopo cha sabuni nyeusi na mfuko wa udongo wa kuoshea nywele. Akishapiga fundo, Mbarka alilitundika kwenye msumari nyuma ya mlango wa sebule, likakaa pale likingoja siku ambayo mkamwana wake angemaliza hedhi na kwenda kuoga kwenye bafu la mvuke la mtaani. Siku hiyo ikifika hakuhitaji kuambiwa. Alimtazama Rebiha anavyokunywa kahawa ya asubuhi, akainuka, akarudi na furushi mkononi.

"Haya, nenda. Na usimwachie yule msuguaji akupapase tu. Mwambie akusugue mpaka ubadilike rangi."

"Ndiyo, Lalla."

"Na ukitoka usikae kwenye upepo. Sasa ndiyo umefunguka."

Imani yote ya Mbarka ilikuwa katika neno hilo. Mwanamke akishajitwaharisha, tumbo lake la uzazi ni safi na mlango wake uko wazi, na mume atakayekuwepo wakati huo ataacha mtoto. Baada ya wiki moja hivi mlango huanza kurudi kidogo kidogo, na hedhi nyingine inapokaribia umeshapigwa komeo. Hakuna aliyemfundisha. Aliyasikia kwenye mvuke wa hamamu ya mji wao, Temacine, tangu alipokuwa msichana, yakisemwa na wanawake wenye watoto tisa tisa, na nani abishane na mwenye watoto tisa?

Rebiha hakubishana. Alikuwa binti wa Belgacem, mpandishaji wa mitende, mtu aliyepanda juu kila majira ya kuchipua kuyapa maua ya mtende jike unga wa mtende dume, kwa sababu kazi hiyo ukiuachia upepo utakula makapi. Tangu akiwa na meno ya utoto alisimama chini ya mitende ya watu, kikapu mkononi, akimpokeza baba yake vishada vya maua dume. Belgacem alipofariki alimwachia binti yake mikono mepesi na subira, basi. Msimu wa tende Rebiha alikaa mkekani kwenye banda la kuchambulia, akitenga tende laini na kavu, na hapo ndipo Mbarka alipomwona na kumpenda, hata kabla mwanawe hajajua kwamba kuna msichana wa jina hilo. Nalisema hilo mapema kwa sababu watu wana haraka ya kumgeuza kila mama mkwe kuwa shetani. Mbarka alimpenda Rebiha kweli, akamlea katika nyumba ile kama aliyemzaa.

Mwana mwenyewe, Tijani, alikuwa mwokaji mikate katika kambi ya visima vya gesi, mwendo wa nusu siku kwa basi kuelekea kusini. Alifanya kazi wiki nne, akaja nyumbani wiki moja. Alikuwa mtu mpole, nyusi zake zimeunguzwa na tanuri, na kila alipokuja alileta mikate ya kambini chini ya kwapa kana kwamba Temacine hakuna unga. Rebiha aliipasha moto na kuisifu, ingawa ilikuwa imekauka njiani.

Mtoto hakuja. Mwaka wa kwanza Tijani alikuwa katika zamu ya kundi la bluu, na kila alipofika, Rebiha alikuwa ukingoni mwa kuingia mwezini. Walikaa pamoja siku chache, hedhi ikawakatiza, basi likapiga honi. Mbarka alipiga hesabu yake ya mlango akaona kosa liko wapi: mwanawe alikuwa akigonga mlango uliotiwa komeo. Hakumshauri mtu. Alijaza makasha mawili ya tende zake bora, zile zinazopitisha mwanga ukizishika juani, akampelekea Khelifa, msimamizi wa zamu kambini, aliyekuwa mtoto wa binamu yake. Tijani akahamishiwa kundi la kijani.

Tangu hapo mambo yalikwenda kama Mbarka alivyotaka. Tijani alifika hedhi ikiwa mwishoni. Keshokutwa yake Rebiha alichukua furushi akaenda kuoga, na siku chache baadaye mume alipanda basi kurudi kusini. Hedhi ya Rebiha ilimjia kila baada ya wiki tano bila kukosea, na zamu ya Tijani nayo ilikuwa na mzunguko wa wiki tano, kwa hiyo walikutana daima mahali palepale. Wanawake wa mtaani walimwonea kijicho.

"Una bahati wewe," walimwambia. "Mume anakufuata hamamu kama aliyepigiwa simu!"

Miaka miwili ya bahati hiyo ilipita. Walikwenda hospitali wote wawili, kwa kuwa Tijani hakuwa mwanamume wa kuona haya pasipohusika, wakapimwa, wakaambiwa hawana kasoro, wasubiri. Mbarka alisubiri pamoja nao. Halafu siku moja, baridi ikielekea kwisha, alimwita Rebiha akamkalisha kwenye godoro la sebuleni na kumwambia kwa sauti ya upole, na upole wenyewe ndio uliouma.

"Mwanangu, sitaki usikie kwa majirani. Mavuno ya tende yakipita nakwenda El Oued kwa dada yangu. Ana binti. Nawe sina neno, Mungu shahidi. Lakini watoto wangu wengine wote ni wa kike, wamekwenda kwa waume zao. Mvulana ninaye huyo mmoja."

"Tijani anajua?"

"Tijani atajua nikimwambia."

Rebiha akasema, "Ndiyo, Lalla," kwa mazoea, akaenda jikoni, akavuta beseni la unga mbele yake, akalia humo. Hakuogopa kuletewa mke mwenza. Alijua nyumba ile haikuwa ya kulisha wake wawili, na kwamba yeye ndiye angerudi kwa kaka yake, kwenye chumba kilichojaa watoto wa kaka. Alimpenda Tijani. Aliipenda hata mikate yake mikavu.

Sasa, mlango wa pili kutoka kwao alikaa Hadda, ambaye shida yake ilikuwa kinyume kabisa. Alikuwa na watoto watano, na mume fundi pikipiki ambaye karakana yake ilikuwa chini ya chumba cha kulala. Wiki ileile Hadda alikuja akiwa amejitanda tayari kwa safari.

"Nisindikize zahanati kwa mkunga."

"Una nini?"

"Sina kitu, ndiyo nataka nibaki hivyo. Nikienda peke yangu watu watasema nina mimba ya sita. Nikienda na wewe watasema nimekupeleka wewe."

"Yaani unanifanya mwavuli."

"Mwavuli mzuri, una macho. Twende!"

Mkunga aliitwa Madamu Warda, mwanamke wa kaskazini aliyekaa Temacine muda mrefu hadi akaacha kulalamikia joto. Aliwakaribisha, akafunga mlango, akamuuliza Hadda anataka nini.

"Nataka kupumzika, Madamu. Mume wangu yuko chini ya sakafu. Akisikia harufu ya mchuzi anapanda, akisikia harufu ya manukato anapanda, na nisipopika wala kujipaka kitu anapanda kuuliza kulikoni."

"Na mwenyewe umejaribu nini?"

"Nimejitahidi sana! Wiki ya hamamu simkaribii. Nikitoka kuoga nalala na watoto, mara kichwa, mara mgongo, hata zaidi ya wiki. Kisha mlango ukishafungwa namwonea huruma, namrudia. Na hawa watano, Madamu, wote wameingia mlango umefungwa!"

Madamu Warda alikuwa ameanza kucheka, akaacha. Alivuta droo akatoa utepe wake wa kupimia matumbo ya wajawazito, akaunyoosha juu ya meza.

"Tazama. Huku mwanzo ndipo damu inapoanza. Siku ya kwanza ya damu, achana na hamamu. Huku mwisho ndipo damu inayofuata inapoanza. Niambie, yai linatoka wapi?"

Hadda aliweka kidole karibu na mwanzo, mahali pa kuoga. Mkunga akakishika kidole kile, akakiondoa, akakipeleka mpaka mwisho wa utepe, kisha akakirudisha nyuma taratibu.

"Unahesabu kutoka huku, kurudi. Takriban wiki mbili kabla ya damu inayofuata, hapo ndipo yai linapotoka kwa wengi. Lenyewe halikai, siku moja hivi limekwisha. Lakini mbegu za mwanamume zina subira, zinaweza kukaa ndani hata siku tano zikilingoja. Kwa hiyo siku za hatari ni hizi zinazolitangulia yai na siku yenyewe ya yai. Kabla ya hapo hatari inapungua, na yai likishapita inapungua."

"Inapungua au inakwisha?"

"Inapungua. Mwili haufuati kalenda ya ukutani. Ukipata homa, ukisafiri, ukiwa na huzuni, yai linaweza kuchelewa, nawe hesabu yako imeharibika. Na mwenye mzunguko mfupi anaweza kushika mimba siku chache tu baada ya hamamu. Wako unakuja kila baada ya muda gani?"

"Unapojisikia. Mara mapema, mara umechelewa, roho iko juu."

"Basi wewe usitegemee kuhesabu. Ziko njia nyingine, tutazungumza uchague."

Lakini Hadda alikuwa bado anautazama utepe, mkono kifuani.

"Kwa hiyo miaka yote hii wiki ya amani nimemfukuza, na wiki ya vita nimemchinjia kuku?"

"Karibu hivyo."

"Ee Mola wangu! Kuku watano!"

Walicheka wote wawili mpaka Madamu Warda akafuta machozi. Rebiha hakucheka. Alikuwa amesogea mpaka ukingoni mwa kiti.

"Na mwenye wiki tano?" aliuliza.

Wakamgeukia.

"Wiki tano sawasawa, kila mara," Rebiha akasema. "Yai lake liko wapi?"

Mkunga aliuvuta utepe ukaongezeka. "Mwisho umesogea, na yai limesogea nao. Wiki mbili kabla ya mwisho. Kwa huyo ni kama wiki tatu tangu damu ianze."

"Na mume wake akija damu ikiwa inakwisha, akaondoka siku chache baada ya hamamu?"

Madamu Warda aliweka kidole mahali pa mume na kingine mahali pa yai. Katikati paliingia kiganja kizima.

"Na akija damu inayofuata ikiwa inakaribia?"

"Yai limeshapita." Mkunga alimtazama usoni. "Ni mume wako?"

"Ndiyo."

"Mna muda gani?"

"Miaka mitatu. Kwanza alikuja mwishoni, sasa anakuja mwanzoni."

Madamu Warda aliukunja utepe polepole. "Dada yangu, siwezi kukuapia. Hata siku zikiwa ndizo, mimba huchukua miezi, na kwa wengine mwaka. Lakini mmeshapimwa na hamna kasoro. Huenda hamna ugonjwa wowote. Huenda wewe na mume wako hamjakutana bado."

Njiani kurudi Hadda alizungumza peke yake mpaka walipofika kwenye duka la nyama, ndipo akagundua mwenzake hajibu.

"Unajua," akasema, "mimi ile zamu ya Tijani ingenifaa sana. Na wewe ungechukua ya fundi wangu."

Rebiha akacheka hatimaye, na kicheko kile kikamtoa machozi barabarani, Hadda akamkumbatia huku akiwatazama wapita njia kwa jicho kali ili waendelee na safari zao.

Tijani alipigiwa simu na mkewe alasiri, saa ambayo tanuri lake lilikuwa limezimwa. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Sasa unataka nimwambie Khelifa nini? Kwamba kuna yai linanisubiri nyumbani?"

"Mwambie lolote. Kundi la njano linakuja nyumbani lini?"

"Wiki mbili baada yetu."

"Basi hilo ndilo kundi lako."

"Mama ndiye aliyeniweka la kijani. Kwa tende zake."

"Najua."

"Akijua nimetoka..."

"Tijani, mama yako anakwenda El Oued mavuno yakipita."

Hilo hakulijua. Rebiha alisikia mlango ukifungwa, na mumewe aliporudi kuzungumza sauti yake ilikuwa nzito. Alisema atabadilishana na mwokaji wa kundi la njano, mara moja, kwa udugu. Zaidi ya hapo ilikuwa lazima Khelifa aandike, na Khelifa haandiki kitu bila Mbarka.

Tijani alifika wiki isiyokuwa yake, na Mbarka alishtuka nusura aangushe birika. "Wamekufukuza kazi?"

"Hapana, Mama. Mwenzangu anamwozesha dada yake, tumebadilishana."

"Sasa hivi? Sasa hivi kuna faida gani?" Akatazama msumari ule nyuma ya mlango, furushi likining'inia, akasonya. Kwake yeye wiki ile ilikuwa imepotea bure.

Tijani akarudi kambini. Rebiha alihesabu siku akitafuna ncha ya mtandio wake, na damu ikaja siku yake ileile, kama kawaida. Alikumbuka maneno ya mkunga kwamba huchukua miezi, lakini kukumbuka hakukumsaidia. Miezi hakuwa nayo. Alikuwa na nafasi moja tu aliyoazimwa, na imekwisha. Asubuhi ile Mbarka aliposimama mbele yake na furushi, Rebiha alilipokea bila kuinua macho.

Ilibaki njia moja, nayo ilikuwa kumwambia mama mkwe. Usifikiri ni jambo jepesi. Mambo ya chumbani hayazungumzwi mbele ya mama wa mume, na hapa isingetosha kuyazungumza, ilibidi amwambie mtu mzima kwamba jambo aliloliamini maisha yake yote si kweli. Mara tatu alifungua mdomo wakiwa jikoni, mara tatu akaishia kuuliza chumvi iko wapi.

Kilichomsaidia ni uvivu wa Miloud. Miloud ndiye aliyepandisha mitende ya Mbarka tangu Belgacem afariki, na mwaka ule alichelewa. Alipofika na ngazi yake, Mbarka alikuwa anamngoja shambani, mikono kiunoni, Rebiha nyuma yake na kikapu cha vishada vya dume.

"Miloud! Makarara haya ya maua yamepasuka tangu lini? Tazama, maua yameanza kunyauka!"

"Nilikuwa kwa watu wa upande wa ziwani, Lalla," alijibu akiwa tayari juu. "Leo ndiyo siku niliyopata nafasi."

"Siku uliyopata nafasi wewe! Na mtende ukungoje wewe? Ua lina siku zake chache, ukija nje ya siku hizo hata ukimwaga gunia zima la unga utakuwa umepaka mti poda!"

Rebiha alisikia maneno yale akajua hatapata tena mengine kama hayo.

"Lalla," alisema, "Tijani naye anakuja siku anayopata nafasi."

Mbarka akageuka. "Umesema nini?"

Walikaa kando ya mfereji, mbali kidogo na Miloud. Rebiha alichana ukuti mmoja, akaulaza chini mbele ya miguu ya mama mkwe, akamwonyesha kama alivyoonyeshwa: huku damu, huku damu nyingine, hapa hamamu, pale yai. Uso ulimwaka hadi masikioni. Mbarka alisikiliza akiwa amekunja paji la uso.

"Nani kakwambia haya?"

"Mkunga."

"Mkunga ana watoto wangapi?"

"Mmoja."

"Mmoja! Mimi nimezaa saba, na kila mmoja nilimpata baada ya hamamu. Kila mmoja!"

"Baba mkwe, Mungu amrehemu, alikuwa anafanya kazi wapi?"

"Unajua wapi. Hapa hapa, shambani."

"Kwa hiyo baada ya hamamu alikuwepo."

"Alikuwepo."

"Na wiki iliyofuata?"

"Alikuwepo."

"Na ile nyingine?"

Mbarka akautazama ule ukuti.

"Yule mtu hakwenda popote," alisema hatimaye. "Hata nilipomwomba aende."

Kicheko kikamponyoka, akakiziba kwa ncha ya shuka, na Rebiha naye akacheka akiwa amefunika uso kwa viganja. Miloud kule juu aliuliza kuna nini, akaambiwa ashughulike na kazi yake. Kisha kicheko kikaisha, na Mbarka akaokota ukuti, akauweka magotini, akaweka kidole mahali pa hamamu.

"Kwa hiyo lile kundi la kijani..."

"Ulifanya kwa kunipenda, Lalla."

"Nilipeleka tende. Kila mavuno nimepeleka tende." Aliukunja ukuti mara mbili. "Nitakwenda kwa Khelifa. Lakini lile neno la El Oued sijalifuta, nisikudanganye. Dada yangu ananisubiri, na mimi si kijana. Mavuno yakipita tutajua."

"Ndiyo, Lalla."

"Na yule mkunga, kama ananichezea, nitakwenda kumtoa kwenye kile kiti chake!"

Alikwenda kwa Khelifa kesho yake, na makasha matatu. Khelifa, kwa maelezo aliyoyatoa baadaye, alimuuliza shangazi yake kwa nini aliteseka kumtia mwanawe kundi la kijani kama sasa anamtoa, akajibiwa kwamba yeye amepewa tende ale, hakupewa maswali. Tijani akaandikwa kundi la njano.

Mara ya kwanza damu ilikuja, Rebiha alikwenda hamamu. Mara ya pili pia alikwenda hamamu. Mbarka alimkabidhi furushi bila kutaja upepo wala msuguaji, akarudi kukaa, na Rebiha angefurahi kama angetukanwa. Joto la kiangazi lilishuka, watu wakajifungia ndani mchana kutwa, tende zikaanza kubadilika rangi juu ya mitende. Tijani alikuja tena, akapanda paa kutengeneza tangi la maji, akaondoka na busu alilompa mkewe nyuma ya mlango, furushi likiwapiga begani.

Siku ya hedhi ilifika, hedhi haikufika. Mbarka alimtazama Rebiha akinywa kahawa, na Rebiha akainywa mpaka mwisho. Kesho yake vilevile, na kesho kutwa yake. Mbarka alilifungua furushi akalifunga upya, akalifungua, akalifunga, kana kwamba fundo ndilo lenye makosa. Wiki ilipopita, Rebiha alijitanda akagonga mlango wa pili.

"Nisindikize zahanati," alimwambia Hadda.

"Leo mimi ndiye mwavuli," Hadda alisema, na hakutania tena njia nzima.

Waliporudi, Hadda aliishia kizingitini akakimbia kwake kabla hajamwaga siri. Rebiha aliingia peke yake. Mbarka alikuwa amekaa sebuleni, furushi mapajani.

"Msuguaji ameuliza habari zako," alisema bila kumtazama. "Anasema mwezi huu hajakuona. Nimjibu nini?"

"Mjibu hatanisugua hivi karibuni, Lalla. Lifungue furushi."

Mbarka alihangaika na fundo lake mwenyewe mpaka Rebiha alipopiga magoti akamsaidia. Yule mama alitoa taulo moja, akalilaza juu ya mkono wake, kuanzia kiwiko mpaka ncha za vidole, akilipima kwa urefu wa mtoto mchanga. Machozi yakamshuka.

"Miaka miwili," alisema, "nimemfungia mwanangu nje kwa mikono yangu, halafu nikataka kukutoa wewe."

"Basi, Lalla. Imekwisha."

"Haijaisha. Niletee simu."

Rebiha alimletea. Mbarka alifuta uso kwa lile taulo, akabonyeza namba ya El Oued, akasubiri.

"Dada," alisema. "Yule binti yako, mwozesheni. Lakini nisikilize: mtafutieni mtu anayekaa nyumbani."